Mkanda Uliofuliwa kwa Sabuni

Kazi ya Patrice Likaka ilikuwa kusema hapana. Kwa miaka ishirini na sita, katika bandari moja ndogo ya ukingo wa kulia pale Kisangani, yeye ndiye aliyefunga mizigo kwenye ndoano ya kreni, na kabla ya kufunga ndiye aliyeamua kama kinachofungiwa kinaweza kuubeba mzigo au hakiwezi. Wenzake walimwita Papa Non, yaani Baba Hapana. Walimwita hivyo kwa kumcheka, lakini hakuna aliyesogea karibu na mzigo kabla Papa Non hajaupitisha mkanda kiganjani mwake, kutoka kichwa mpaka mkia, taratibu, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

Alikuwa mtu wa Yanonge, wa ukoo wa mto. Baba yake alifunga magogo kuwa chelezo na kuyateremsha na maji, na kutoka kwake Patrice alijifunza kwamba kamba haikatiki ghafla. Huanza kukatika siku nyingi kabla, ila watu hawaitazami. Mengine aliyapata bandarini. Kila mkanda wa kunyanyulia una kipande cha kitambaa kilichoshonewa, na juu yake herufi CMU pamoja na tarakimu, yaani uzito wa mwisho unaoruhusiwa kazini. Hata asiyejua kusoma hutazama rangi: zambarau ni tani moja, kijani mbili, njano tatu. Ni elimu ndogo, inaenea kwenye kiganja cha mkono, na watu hufa kwa kuidharau.

Aliyeidharau kuliko wote alikuwa Monsieur René, mkuu wa kazi. René alikuwa na ugonjwa wa watu waliosoma nusu ukurasa. Alisikia mahali kwamba mkanda wa tani tatu, ukiwa mpya, haukatiki mpaka ufike tani ishirini na moja. Basi kila mzigo ulipozidi kidogo alianza wimbo wake: kwani si bado kuna tani kumi na nane zimelala humo bure? Patrice alimjibu jibu lile lile miaka yote. Hizo si zako, alimwambia. Hizo ni za kreni inaposhtuka, za jua, za ncha kali ya bati, na za dhambi ambazo hatujazijua bado. Mwenye kuzila leo, kesho atafunua chungu akute kitupu.

Wafungaji wapya aliwafundisha kwa ndoo ya maji. Wawili walifunga kamba mbili kwenye mpini wa ndoo, wakasimama karibu karibu na kuiinua; rahisi. Kisha aliwaambia warudi nyuma hatua moja, na nyingine, na nyingine, ndoo ikiwa hewani katikati yao, mpaka mikono ikaanza kutetemeka na mishipa ya shingo ikasimama. Ndoo ni ile ile, aliwaambia, na maji ni yale yale. Ni miguu ya kamba iliyopanuka. Wengi waliishia kumwaga maji na kucheka. Sadrack hakucheka. Sadrack, mtu wa Isangi, aliomba warudie, na akarudia mpaka akaelewa, na tangu siku ile Patrice alimfanya mkono wake wa kulia. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii Patrice aliishika kuliko zote. Mkanda uliochoka hautunzwi. Unapigwa msalaba mwekundu kwa kalamu ya wino mzito, na Ijumaa unakatwa vipande vitatu mbele ya wafanyakazi wote, jina lake linaandikwa daftarini, na kile kitambaa cha CMU kinachomwa moto. Wafanyakazi waliita shughuli hiyo mazishi, na mara nyingine wakaimba. Patrice hakuimba. Mwaka mmoja mfanyakazi aitwaye Israël aliuficha mkanda mmoja wa kijani akafungie mtumbwi wake, na Patrice ndiye aliyemshtaki. Israël alifukuzwa, ana watoto sita. Watu walimlaumu Patrice wiki nzima, naye akasema mkanda uliokufa ukiachwa mzima utarudi kazini, kwa njia moja au nyingine.

Kumbuka maneno hayo, maana aliyeyasema aliyasahau kabla ya waliomsikia.

Mkewe Delphine alikuwa ameanza kuugua figo walipokwenda kumzika jirani mmoja wa Kabondo. Kamba za kuteremshia jeneza zilikuwa za katani, zimeoza kwa unyevu. Moja ikakatika. Jeneza likaenda kichwa mbele, kifuniko kikafunguka, na aliyekuwa ndani akaonekana na kila mtu, watoto wake wakiwemo. Walipokuwa wanarudi, Delphine alimshika mumewe mkono.

“Patrice,” alisema, “mi musiniangushe vile.”

Patrice akaahidi. Miezi kumi na minne baadaye Delphine alifariki, siku ya Alhamisi. Wiki hiyo hiyo Patrice alikuwa amehukumu mikanda miwili ya njano. Mmoja ulikuwa umepauka kwa uzee tu; wa pili ulikatwa na ncha ya bati pembeni, jeraha la upana wa vidole viwili. Yote miwili ilikuwa na msalaba mwekundu, ikingoja Ijumaa. Ijumaa hiyo Patrice alikuwa msibani. Jumamosi aliibeba mizima mpaka makaburini. Jeneza na Delphine ndani yake havikufika kilo mia na hamsini. Hata mkanda uliojeruhiwa ungebeba hivyo na kucheka. Delphine akateremka polepole, amelala sawa, bila kugusa ukuta wa shimo, na Patrice akalia kwa shukrani. Jumatatu alifungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: umekatwa, na chini yake tena: umekatwa.

Angeikata siku hiyo, hadithi ingeishia hapo. Lakini kulikuwa na Mama Adeline. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, anauza chumvi na sabuni kwa jumla, na alikuwa kiongozi wa chama cha akina mama wa parokia wanaosaidiana kwenye misiba. Aliiona ile mikanda kaburini, na hakuchelewa kuiomba.

“Papa Patrice, utuachie hizi,” alimwambia. “Batu betu hapa banaangukaka kama magunia.”

Patrice alifikiria kukata angalau kile kitambaa cha CMU. Mama Adeline akakataa katakata. Akina mama walikipenda. Msibani walikisoma kwa sauti, tani tatu, wakacheka katikati ya machozi kwamba sasa hata mkubwa mwenye tumbo atateremka kwa heshima. Nani angewanyima kicheko hicho? Patrice akakiacha. Alijua anakosea, akajiambia kosa lililomo ndani ya shimo la kaburi haliwezi kumdhuru mtu.

Mama Adeline alikuwa mtu msafi. Kila baada ya mazishi aliifua ile mikanda kwa sabuni yake ya dukani, akaisugua udongo kwa brashi, akaianika juani uani kwake siku nzima. Katika kufuliwa mara ya pili msalaba mwekundu ukafifia. Mara ya tano haukuwepo. Lile jeraha la pembeni alilishona mwenyewe kwa uzi wa njano, mishono midogo ya kubana, kwa kuwa hakupenda kitu cha wafu kionekane kichakavu. Patrice aliona yote haya. Alijua kwamba jua na sabuni huula mkanda kwa ndani, maana yeye ndiye aliyewafundisha wengine hivyo. Lakini jeneza ni jeneza. Kwa miaka mitatu mikanda ile iliteremsha watu zaidi ya arobaini, hakuna hata mmoja aliyeangushwa, na Patrice aliposimama kando ya makaburi hayo alijisikia mtu mwema.

Basi ikaja Jumanne moja ya Februari. Palikuwa na jenereta la tani nne la kupakiwa kwenye baji, ile mashua bapa ya mizigo, livushwe mpaka Lubunga, kesho yake lipande treni ya Ubundu. Kamba za chuma zilikuwa zimechukuliwa kwa kazi nyingine juu ya mto. Bandarini ulibaki mkanda mmoja tu wa njano, mzima, na mzigo ule ulihitaji miwili. Wa pili Patrice mwenyewe alikuwa ameukata Ijumaa iliyopita. René alikuwa anahema kwa hasira, akimwambia kila mtu kwamba treni haimngoji mzee mwenye mkasi. Hapo Paluku, mtunza ghala, aliyekuja kutoka Butembo mwaka mmoja tu uliopita, akasema anajua mahali penye mkanda. Akapanda toleka, na kabla ya saa moja kupita baiskeli ikamrudisha na mfuko safi wa plastiki. Alikuwa ameazima kwa tantine yake, yaani shangazi yake, Mama Adeline, na Mama Adeline alikuwa ametoa kwa moyo mweupe. Si ulitoka bandarini? Basi unakwenda kusalimia nyumbani.

Patrice aliujua kabla hajaufungua. Harufu ya sabuni ilimfikia kwanza. Kisha kidole gumba kikakuta mishono ile midogo, na jua la asubuhi likawa kali mgongoni mwake.

René alikuwa amekwisha kuushika upande wa pili, anasoma kitambaa cha tani tatu. “Trois tonnes,” alisema. “Tena iko propre, safi kupita zetu. Alors, Papa Non, leo utasema non juu ya nini?”

Sentensi moja ingetosha: huu ulikufa miaka mitatu iliyopita, na mimi niliandika uongo. Patrice alikuwa nayo mdomoni. Tusidanganyane, hakuogopa tu kufukuzwa, ingawa alibakiza miaka miwili tu kustaafu na René alimngoja kwa hamu. Alichoogopa zaidi ni macho. Wafanyakazi wote walikuwa pale, wale waliomwona akimshtaki Israël. Mtu huvumilia njaa kuliko kuvuliwa nguo mbele ya wanafunzi wake. Akatazama mkanda, akatazama jenereta, na kwa mara ya kwanza maishani akafanya hesabu ya René.

Tani tatu mara saba, ishirini na moja. Toa nusu kwa lile jeraha. Toa nyingine kwa jua, toa kwa sabuni, toa kwa uzee. Bado zinabaki tano, labda sita. Na kila mkanda, ambao ni mguu mmoja wa mzigo huu, utabeba ngapi? Ukipanuka sana, karibu tatu. Lakini akiisogeza miguu pamoja, mbili na kidogo. Akaagiza vipande viwili vifupi vya mnyororo kutoka ghalani, vyenye alama zake za uzito, akarefusha kila mguu ili miguu ikaribiane. Ilikuwa kazi safi. Wenzake walitikisa vichwa kwa kustaajabu, na René mwenyewe akasema mzee bado ni mzee. Hesabu ilikuwa sahihi kila mahali isipokuwa mwanzoni, maana ile tarakimu ya kitambaa ni ya mkanda ulio hai, na hakuna tarakimu ya maiti.

Sadrack ndiye aliyekuwa ashike kamba ya kuongozea mzigo, juu ya baji. Patrice alimwambia asimame mbali. Sadrack alitazama sitaha, ambako umbali wenyewe ulikuwa hatua nne na kisha ukuta wa chuma. Halafu akamtazama Patrice, akasogea, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

“Papa, leo haukupitisha mukono.”

“Iko muzuri,” Patrice alisema.

Sadrack aliitikia kwa kichwa, akaenda mahali pake. Miaka kumi na minne hakuwahi kuambiwa neno na mtu huyu likawa si kweli, kwa nini aanze kushuku asubuhi ile?

Jenereta lilinyanyuka nusu mita, mita, mita mbili. Likatulia. Patrice alivuta pumzi na kumshukuru Mungu, na hapo hapo akaanza kujiahidi kwamba jioni angekwenda kwa Mama Adeline na mkasi. Kreni ikageuka kuelekea majini. Breki yake ilikuwa ya zamani, ilizoea kushtuka kidogo ilipopita ukingo, na ikashtuka. Mkanda uliachia pale penye mishono. Haukupiga kelele kubwa, ulikohoa tu. Jenereta likabaki likining'inia kwa mguu mmoja, likazunguka, likampata Sadrack na kumbana kwenye ukuta wa baji. Ule mkanda mwingine, ulio mzima, ulibeba tani nne peke yake pamoja na mshtuko wote, ukitumia zile tani ambazo si za mtu, na haukukatika.

Sadrack alifariki kabla hawajamfikisha nchi kavu.

Jumatano alikuja bwana mmoja mwenye mkoba, ametumwa na kampuni kuandika ripoti. Alikuwa mpole na mwenye haraka. Alitazama kitambaa cha CMU, akakipiga picha. Akapima minyororo, akachora pembe ya miguu kwenye karatasi, akasema kwamba ameona bandari nyingi lakini hajaona hesabu nzuri namna hii. Ncha zilizokatika hakuzigeuza. Kama vifaa ni vizima na hesabu ni nzuri, basi kosa ni la mtu, na mtu alikuwa mmoja tu ambaye hawezi kujibu. Ripoti ikasema marehemu alisimama mahali pasiporuhusiwa. Orpha, mjane wake, angepewa jeneza na magunia mawili ya mchele, na si zaidi, kwa kuwa uzembe haufidiwi. Waliomba sahihi ya shahidi mwenye uzoefu. Patrice akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, jambo ambalo baadaye lilimchukiza kuliko mengine yote.

Ijumaa walimzika. Karibu bandari nzima ilikuwepo, René akiwa na miwani ya jua, Paluku nyuma ya wengine, na Patrice mbele, kwenye nafasi yake ya siku zote karibu na shimo, maana kila mtu alijua kwamba yeye ndiye mwenye mkono wa kuteremsha. Mama Adeline alikuja na mkanda mmoja wa njano uliokunjwa, na kamba ya katani aliyoazima kwa majirani. Aliiweka chini kwa aibu, kama mwenyeji aliyepungukiwa viti.

“Papa Patrice, ingine iko wapi?” aliuliza. “Paluku alisema itarudi siku ile ile.”

Aliyejibu ni Paluku, kutoka nyuma, kwa sauti iliyomfikia kila mtu. Alisema ilikatika. Alisema ndiyo ile ya Jumanne.

Mama Adeline alimtazama mpwa wake, akamtazama Orpha, akatazama mikono yake mwenyewe. “Pale ilipasukaka, njo mi nilishonaka,” alisema. “Nilishona vibaya?”

Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Mtu mmoja akanong'ona, na mnong'ono ukapita mdomo kwa mdomo. Patrice aliona jinsi jambo litakavyokwenda: kosa lililokwisha kumwangukia maiti sasa linatafuta mwanamke wa sabuni, na yeye atabaki pale pale, safi, mwenye hesabu nzuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akafungua mdomo, na ile sentensi aliyokuwa nayo Jumanne ikatoka, siku tatu baada ya wakati ambao ingefaa.

“Si weye, mama,” alisema. “Ile elingi, ile mukanda, ilikuwa ya kukatwa. Mi niliandika imekatwa, na sikuikata.”

René aliondoa miwani. Mfungaji mmoja wa zamani akasema taratibu jina la Israël, bila kuongeza kitu. Mama Adeline akakaa chini kwenye udongo na kitenge chake kipya. Lakini Orpha alikuja mpaka mbele ya Patrice. Alikuwa mwanamke mfupi, na siku tatu za kulia zilikuwa zimemaliza sauti yake. Ilibaki kidogo tu, ya kuulizia jambo moja.

“Ulijua asubui ile,” aliuliza, “ama ulijua kisha?”

Angeweza kusema kisha. Wengi pale wangemwamini, na Orpha labda angependa kumwamini, maana Sadrack alimtaja mtu huyu mezani kwake kila jioni kwa miaka kumi na minne.

“Asubui,” Patrice alisema.

Orpha aliitikia kwa kichwa, kama mumewe alivyoitikia kwenye baji. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Alisema tu kwamba anaomba Papa Patrice asiguse mkanda, atoke karibu na shimo, wateremshe wengine.

Patrice akatoka. Wafungaji wanne walishika, wawili mkanda, wawili kamba ya katani, na walikuwa hodari wa mizigo lakini hawakuwahi kuteremsha mtu bila yeye kuwahesabia. Upande wa kichwa ulikwenda vizuri. Upande wa miguu kamba iliteleza mikononi, nusu mita kabla ya kufika, na Sadrack akaanguka kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani. Orpha alifunika uso. Patrice alikuwa amesimama mbali, mikono mitupu, kama alivyoagizwa.